Bawabu Aliyenyang'anywa Maneno

Machimboni, 3 Juni

Dada yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, na kwa kuwa mimi ni mzima, filamu nayo ni nzima. Sikufichi. Huyu unayemsoma hapa ndiye filamu yenyewe. Nikiamka na mafua kesho, watu wote hawa na malori yao watafunga mizigo warudi makwao. Si mimi ninayesema. Wanasema wenyewe, ila hawajapata nafasi ya kulitamka.

Simu huku hazishiki, maana tumezungukwa na kuta za mawe kila upande. Ni machimbo ya zamani, na humo ndani wamejenga ngome ya mbao na plasta ambayo ukiigonga inalia kama debe. Barua hii anakuletea dereva wa lori la maji. Mpe jibu mkononi aondoke. Usimkaribishe chai, hajui kuinuka.

Binti yako hajambo. Hapa hakuna anayemwita jina, ni Mwongozaji huku, Mwongozaji kule, na ukimwona anavyopita na lile kofia lake huwezi kuamini kwamba ndiye aliyeniharibia suruali ya harusi nikiwa nimempakata. Mimi namwita mpwa wangu kwa sauti, ili watu wajue.

Mchezo wa Lango unaujua, uliushonea mavazi, lakini ngoja nikukumbushe ili uone uzito wa nilichobeba. Mfalme amezingirwa na adui. Anaapa mbele ya watu kwamba atakayefungua lango usiku atamuua kwa mkono wake mwenyewe. Binti yake anasikia yaya wake wa zamani analia kiu nje ya ukuta, anafungua. Mfalme anatimiza kiapo. Na utamu wa mchezo ule wote ni kwamba hakuna anayekiona kifo. Kinatokea nyuma. Jukwaani amebaki Malkia peke yake. Kisha anaingia Bawabu, aliyekuwepo, mikono mikavu, anamsimulia mama namna mwanawe alivyokufa.

Bawabu ni nani? Ni mimi tangu nilipokuwa na nywele.

Unakumbuka ukumbi wa reli. Nilipofika pale pa "hakupiga kelele, alimshika baba yake mkono wa nguo," wanawake walikuwa wanaanguka kwa safu. Ilifika mahali gari la wagonjwa likawa linaegeshwa mlangoni kabla sijaanza. Askari mmoja aliweka bunduki chini akalia. Na yule mzee aliyekwenda kituoni asubuhi kuripoti mauaji, akaeleza binti alivyoanguka na upande alioangukia, ilhali hakuona kitu chochote zaidi ya mdomo wangu.

Nimecheza na mengine. Nimekuwa mwizi wa kuku, nimekuwa maiti, nimekuwa nusu ya nyuma ya farasi. Lakini kazi niliyoifanya duniani ni hotuba ile. Ikiingia kwenye filamu, nimebaki. Isipoingia, mimi ni mtu aliyekuwa anapiga kelele katika kumbi ambazo siku hizi zinauza saruji.

Sasa la kutia kinyaa. Kuna mtu hapa wanamwita fundi wa damu. Kazi yake ni hiyo. Ana madumu ya shira ya sukari iliyotiwa rangi, na nzi wa nchi nzima wamepewa taarifa. Jana alichovya kidole, akakilamba, akafikiri, akasema bado haijawa nzito. Nilikuwa nakula. Nikaisukuma sahani.

Nikamuuliza damu ya nini, wakati kifo chenyewe nakisimulia mimi. Akanitazama, halafu akaanza kushughulika na kifuniko cha dumu.

Ndugu yako,
Radi, Nguzo ya Filamu


Nyumbani, 10 Juni

Radi,

Barua imefika na doa jekundu pembeni. Natumaini ni hiyo shira.

Gari la wagonjwa lilikuja mara moja, na lilimfuata mlinzi wa ukumbi aliyekuwa na ngiri. Askari alilia kwa sababu mwenzake alimkanyaga kidole. Nilikuwa pale nyuma ya pazia na sindano yangu, usinisimulie kama mgeni. Yule mzee wa kituoni ni kweli. Huyo nakuachia.

Hujaniambia kama mwanangu anakula. Umeniandikia kurasa kuhusu mdomo wako, kuhusu wa kwake hakuna hata mstari.

Alinipigia simu aliposhuka mjini. Aliniuliza jambo la kazi, nikamjibu nilivyoona mimi. Ni letu sisi wawili. Wewe nakuomba kitu kimoja. Akikwambia neno mbele ya watu, lipokee kama la mkubwa wako wa kazi, si la mtoto uliyempakata. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza, na huyo Tajiri anayeilipia anamkagua kama mteja anayetafuta uzi uliolegea ili asichukue nguo. Akiupata, atampa filamu mtu mwingine aimalize. Mwanangu amekaa na kitu hiki tangu alipokuwa analala chini ya meza yangu nyuma ya jukwaa.

Na acha kumwita mpwa wangu kwa sauti. Kwa umri wake huo mtu haitwi hivyo mbele ya mafundi.

Dereva amekunywa chai vikombe viwili. Ni mtu mstaarabu.

Dada yako


Machimboni, 17 Juni

Dada,

Anakula. Anakula amesimama, kama punda, mkono mmoja umeshika karatasi. Sasa tuendelee na mambo ya maana.

Nimetoa hotuba mbele ya kamera. Nilipoachia sauti, fundi wa sauti alivua vile vidude vya masikioni akakaa chini ameshika kichwa kwa mikono miwili. Katika kumbi zote nilizopita sijawahi kupata sifa ya namna ile.

Mwanao akaja, akaniambia taratibu, "Mjomba, punguza."

Nikamuuliza nipunguze nini. Akasema sauti, na mikono, na macho. Nikamwambia ukishapunguza hivyo vitatu umebaki na koti. Akasema kamera ipo shubiri moja kutoka usoni pangu, hakuna benchi la mwisho humu. Nikamwambia benchi la mwisho lipo kila mahali, na anayelikalia ndiye aliyetoka mbali kuliko wote. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akarudi kwenye kiti chake.

Tatizo la pili ni kile kioo cha kamera. Sisi tulifundishwa kwamba watu hawapewi mgongo. Sasa watu wako wapi? Wamo ndani ya kioo. Basi kila nikifika kwenye kifo ninawageukia, na kila nikiwageukia mtu anasema kata. Mpwa wangu, yaani Mwongozaji, akasema, "Mjomba, usiitazame. Watu hawapo." Nikamjibu siwezi kumwambia mtu mwanawe amekufa huku nimetazama ukuta. Tukarudia mpaka jua likahama.

Halafu akafanya kosa. Alidhani nikijiona nitaelewa, akanionyesha katika televisheni yao ndogo. Dada, kuna mambo ndugu hawapaswi kufichana. Ninatema mate. Nikisema "baba," yanaruka. Nikisema "panga," yanaruka mengi zaidi, na jua limeyapiga yanameta. Mdomo unafunguka kama gunia la mahindi na ndani unaona mpaka lile jino bovu. Nilijichukia kama unavyomchukia mtu anayekupigia chafya kwenye shingo. Kisha nikakumbuka kwamba vioo vya siku hizi ni vibovu, nikatulia.

Lakini hicho si kinyaa chenyewe. Kinyaa chenyewe kilishuka kwenye gari jeupe. Tajiri amekuja. Analetewa kiti chake, anakula mayai ya kuchemsha, na maganda anayaacha palepale miguuni. Aliitazama hotuba yangu akiwa na kipande cha kiini mdomoni. Akasema, na alisema kwa wote wasikie, "Watu hawalipi ili waambiwe. Wanalipa waone. Aliyekufia nje ya picha, kwangu mimi hajafa."

Akaagiza tumbo la binti wa mfalme lifunguliwe. Ndivyo alivyosema, kama mtu anayeagiza dirisha lifunguliwe.

Tangu hapo hapakaliki. Fundi wa damu amenunua matumbo ya mbuzi kwa mchinjaji na ameyaweka kwenye beseni kivulini, na kivuli chenyewe kinahama. Anayecheza binti wa mfalme ni mtoto wa juzi, mwembamba, mpole, anasalimia kila mtu. Wamembandika ngozi ya mpira tumboni kwa gundi. Wakiibandua inatoka na vinyweleo, na anasema asante. Mfalme ni yule jamaa anayetangaza sabuni; amefanya mazoezi ya kupasua, na akimaliza anajifuta kwenye joho. Joho uliloshona wewe. Nimeliona lina mafuta ya mbuzi mpaka kwenye pindo.

Nilimwendea Tajiri nikamweleza kistaarabu kwamba mimi nimeua binti huyu mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai na sikuwahi kuchafua hata leso. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akasema, "Aa, mzee wa mate."

Nimekaa siku mbili bila kula.

Ndugu yako,
Radi


Karatasi iliyopitishwa chini ya mlango wa basi analolala Radi, 22 Juni

Mjomba,

Najua umo ndani, naona moshi wa sigara unatoka dirishani. Nimegonga, hukufungua. Basi soma.

Hotuba naiondoa. Yote. Najua utasema ni Tajiri. Si Tajiri, ni mimi.

Nilipokuwa mdogo, chini ya meza ya mama, nilikiona kifo kile kila usiku kwa sababu nilikuwa siwezi kukiona. Nilitaka kamera ifanye hivyohivyo. Nimejaribu ukiwa karibu, ukiwa mbali, ukiwa gizani, na kila nikitazama naona mtu anayesema hotuba vizuri. Ukumbini maneno yako yalikuwa yanajenga ile ngome. Hapa ngome imeshajengwa, maneno yanagonga ukuta na kuanguka. Sina njia nyingine ya kulisema.

Kesho tunapiga kifo. Tajiri atakuwepo na atataka kila kitu kifanyike anavyotaka. Nakuomba usimame langoni, ukiwa Bawabu. Huna neno lolote la kusema. Usifanye kitu. Usitazame kamera.

Ukitaka kuondoka, lori la maji linatoka kesho kutwa. Sitakulaumu, na sitamwambia mtu sababu.

Mpwa wako


Ndani ya basi, 23 Juni

Dada,

Sitaki kukaa mahali hapa hata kwa kupewa ngome yenyewe. Barua hii nitaipa dereva wakati tunaondoka pamoja, nami nitashukia mjini kwa rafiki yangu Kinyozi. Sitapitia kwako. Usinipikie.

Mwanao amenikata. Hakukata sehemu, kakata kote. Ameniandikia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma, maana angenitukana ningejua pa kuanzia. Nilikaa na kile kikaratasi, nikatafuta mahali panaposema Tajiri kamlazimisha, nikakuta panasema kinyume.

Ungeniuliza kwa nini basi nilikwenda leo kusimama langoni. Sijui. Nilivaa. Mtu akishavaa anakwenda.

Nikusimulie, kwa kuwa hakuna mwingine atakayenisikiliza. Waliniweka langoni kama gogo la kufungia ng'ombe. Kamera kubwa ilikuwa inamtazama Mfalme na yule mtoto. Mimi nilikuwa nimeisusia. Wakitaka kunipiga picha wanipige kisogo, nilisema moyoni. Nikaelekeza macho kwa yule mtoto, si kwa kuigiza, ni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine safi pa kutazama.

Beseni lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi. Harufu ilikuwa imeshakuwa kitu cha kushika. Wakampachika yale matumbo chini ya ile ngozi ya mpira, na nzi wakaingia nayo. Mfalme akapiga panga lake la plastiki, ngozi ikapasuka, vitu vikamwagika. Tajiri akasema ongeza. Wakamwosha, wakambandika, wakampachika, wakampasua. Tajiri akasema ongeza, anatafuna. Sikumbuki walirudia mara ngapi. Nakumbuka kwamba mara ya mwisho hawakumwosha, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha na lori halijafika.

Wakati anaanguka mara ile, nywele zake zikanasa kwenye shira iliyoganda chini. Mwongozaji akasema kata, watu wakatawanyika kushughulikia taa, na fundi mmoja akamruka yule mtoto kama unavyoruka mfereji, na waya begani. Yeye akabaki pale pale. Hakulia. Alikuwa ananyanyua kichwa kidogo, nywele zinavuta, anakirudisha. Ananyanyua, anakirudisha. Mkono wake ulikuwa unatafuta kitu cha kushika na ulichokishika ni utumbo.

Na mimi nilisimama, Dada. Mimi, mwenye sauti ile. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale na sikusogea. Kitu kilinipanda mpaka hapa kooni nikakimeza, kikapanda tena. Mikono yangu sikujua iko wapi. Nilifungua mdomo nimwite mtu, hakikutoka kitu.

Aliyemwendea ni mwanao. Alipiga magoti kwenye uchafu ule na suruali yake, akaanza kuzichomoa nywele moja moja.

Mimi nikazunguka nyuma ya ngome nikatapika. Nataka ijulikane kwamba nilitapika kiume, bila kushika ukuta. Lakini nilitapika mpaka nikaona nyongo, na nilipomaliza nikakuta nimevitapikia vile viatu ulivyonipa.

Hiyo ndiyo filamu. Ninachukia kila mtu aliyekuwepo, na mimi nilikuwepo.

Radi


Nyumbani, 5 Julai

Radi,
kwa mkono wa Kinyozi

Ulipita barabara ya nyuma ya nyumba yangu ndani ya lori la maji umejifunika kofia usoni. Nilikuona. Dereva naye alipiga honi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Sina cha kuirekebisha safari hii, na hilo lenyewe limenitisha. Kwa hiyo na mimi nitakwambia langu.

Jambo alilonipigia simu mwanangu lilikuwa wewe. Aliniuliza, mama, wewe ulikuwa unamtazama Mjomba kila usiku kutokea pembeni, ni neno gani lilikuwa linawaua watu? Nikamwambia si neno. Nikamwambia kwamba ulikuwa unaingia, unasimama, kifua kinapanda na kushuka, unataka kuanza na huanzi. Pale ndipo sindano yangu ilikuwa inasimama. Miaka yote ile sijawahi kushona mshono hata mmoja wakati ule. Halafu unaanza kunguruma, na mimi naendelea kushona. Nikamwambia kama kamera yako ina akili, iwashe mapema na uizime kabla hajaongea.

Kwa hiyo kama unatafuta aliyekukata, mkasi ni wangu. Sikusema ulipokuwa unaniandikia kuhusu hotuba yako, na nilikuwa najua. Nilikuacha ujisifu. Nilifikiri nakustahi, kumbe nilikuwa namsukumia mtoto mzigo wa kukwambia.

Tajiri amempa mpaka mwisho wa mwaka. Amesema kifo kisipomfurahisha, filamu anampa mwingine. Mwanangu amenisimulia akilia, halafu akaniuliza kama unakula.

Jibu hata kwa kunitukana.

Dada yako


Chumba cha kuhariri, 12 Novemba

Mjomba,

Mama anasema hujamjibu. Na mimi sitegemei kujibiwa, ila kuna kitu lazima nikuulize, na dereva amekubali kukaa kwa Kinyozi mpaka uandike.

Siku ile kulikuwa na kamera mbili. Ile kubwa uliyoisusia ilikuwa inapiga matumbo, kwa ajili ya Tajiri. Ile ndogo, nyuma ya gurudumu la gari la ng'ombe, ilikuwa inakupiga wewe peke yako tangu asubuhi. Sikukwambia. Kama ningekwambia ungeigeukia. Ilikuwa bado inakwenda niliposema kata.

Nimetengeneza kifo mara mbili. Katika kimoja kila kitu kinaonekana. Katika cha pili hakuna damu hata tone. Binti anapita mbele yako kwenda kwa baba yake, anatoka kwenye picha, na baada ya hapo ni uso wako tu, kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kukueleza. Halafu unafungua mdomo, hakitoki kitu, na tunakwenda kwa Malkia, ambaye ameshajua.

Tajiri aliwaita watu wake watazame picha zote mbili. Kwenye matumbo kijana mmoja alicheka, na mwingine akamuuliza mwenzake ni ya mbuzi au ya kondoo. Kwenye uso wako mama mmoja alinyanyuka akatoka nje, na hakurudi. Tajiri akaniambia, weka ya mzee wa mate.

Lakini ile si kazi uliyoifanya, ni kitu nilichokuchukulia. Nilimwacha yule binti chini nikaiacha kamera iende, kwa muda mfupi, kabla sijamwendea. Nilijua ninachofanya. Sijalala vizuri tangu siku ile. Ukisema niuondoe uso wako, nitauondoa, na itabaki ile nyingine, na baada yake hakuna filamu ambayo ningependa kuiita yangu. Hilo nimekwambia ili ujue, si ili nikubane.

Niambie.

Mpwa wako


Kwa Kinyozi, 13 Novemba

Mwongozaji,

Nimelala na barua yako. Dereva amemaliza chai ya Kinyozi na sasa anamalizia ya jirani.

Umeiba kutapika kwangu. Hata wezi wana kitu wasichochukua. Nimewaza neno la kukuita na yote niliyoyapata ni madogo.

Uweke. Jina langu liwe kubwa.

Na yule mtoto umtafutie kazi nyingine ambamo hafi.

Mjomba wako


Kwa Kinyozi, 20 Januari

Dada,

Najua ulikuwepo kwenye ukumbi jana, nilikuona nyuma karibu na mlango na miguu yako umeiweka kwenye kiti cha watu. Mimi waliniketisha mbele kabisa pamoja na wakubwa. Kulikuwa na balozi upande wangu wa kulia, au mtu aliyevaa kama balozi. Sikusubiri uje tusalimiane, na sababu nitaifikia.

Kwanza nikwambie ukumbi ule umenichefua. Sakafu ilikuwa inanata, kila hatua kiatu kinabanduka na mlio. Watu walikuwa na bisi kwenye ndoo. Ndoo, Dada, kama wanakwenda kulisha mifugo. Taa zikazimika na ukaanza ule mtafuno, na manukato juu yake, na yule balozi wangu anajiramba vidole vya siagi kimoja kimoja. Nikasema moyoni, hawa ndio watu. Hawa ndio ambao mwanao alinikataza kuwatazama.

Ilipokwisha nilizingirwa. Tajiri alinishika mkono mbele ya wapiga picha, kiganja kina unyevu kama samaki, akanitambulisha kwa watu kama mzee wetu. Mwandishi wa gazeti akaniuliza ule uso niliupataje. Nikamwambia nilijifungia bila chakula nikitazama nyama mbichi, na kwamba ni mbinu ambayo tumebaki nayo wachache. Aliandika yote. Mwingine akaniuliza nilikuwa nawaza nini pale mdomo unapofunguka, nikamwambia nilikuwa nawaza mama zetu. Mwanamke mmoja alinishika shati akawa hawezi kusema. Nikampigapiga mkono, nikasema ndiyo, ndiyo, ni kazi tu. Yule binti alikuwepo pia, amekata nywele fupi kabisa. Alinisalimia vizuri kama kawaida yake. Nilishindwa kumtazama, nikasifia viatu.

Mwanao alisimama pembeni. Alitaka kuniuliza nimeionaje, nilimwona anavyotaka. Nikajifanya naitwa nje, nikatoka moja kwa moja nikaja hapa kwa miguu.

Sasa nisikilize, na barua hii uichome. Ilipofika pale, yule mtoto anapita mbele yangu, nikaona nusu ya sikio langu linaingia kwenye picha, kubwa kama mlango. Basi. Nilifumba macho. Niliyafumba kama mtoto anayepigwa sindano, nikashika kiti kwa mikono yote miwili, na sikuyafumbua mpaka niliposikia sauti ya Malkia. Kati hapo nilisikia kitu kimoja tu, kwamba ukumbi mzima umeacha kutafuna. Hata balozi.

Watu wananiuliza nilifanya nini, na mimi ninawajibu, lakini sijakiona ninachokijibu. Mwanao siwezi kumuuliza. Wewe ulikuwa umekaa nyuma na macho yako wazi. Niandikie, Dada, polepole, kuanzia pale alipopita, uniambie nilionekanaje.

Radi